ETI "RAMA AMEKWENDWA MSITUNI"!! Huyu jamaa wa grupu la Sanskriti (ile lugha ya kale ya India) ananitaka nini??

Wakuu nimelifunga grupu mikono inatetemeka. Yule jamaa mnamjua sina haja ya kumtaja, yule anayerekebisha mpaka salamu za watu. Nimeandika zangu kistaarabu Ramah vanam gatah, Rama kaenda msituni, sentensi ya watoto kabisa, kaja mbio na imoji za kucheka mstari mzima eti "hiyo -ta kwenye gatah ni ya kutendwa, kwa hiyo Rama AMEKWENDWA?" Amekwendwa!! Mbele ya watu wote na mwalimu yumo anasoma kimya!!

Ningesema Ramena Ravanah hatah sawa, Ravana kauawa na Rama, muuaji kavalishwa -ena (ndiyo "na Rama" yetu) na hatah, kauawa, inamfuata marehemu, angekuwa mwanamke ingekuwa hataa, hapo ni kutendwa nani kakataa? Ila vitenzi vya mwendo vinapona, -ta yao inaweza kuwa ya kutenda, Panini yule mwanasarufi wa kale wa Sanskriti kashalisema hilo kabla ukoo mzima wa huyu jamaa haujajua kununua bando. Amekwendwa! Nani anakwendwa jamani, Rama ni sokoni?

Mzee wa Kupita: Sasa hapo umetukanwa au umetukanika? 😂

Kibatari: Pole mkuu, ila umekwendwa

Binti Ngano: Afadhali wewe unagombana na mtu, mimi nagombana na mizizi ya vitenzi yenyewe ikivaa hiyo -ta. Kri inatoa krita, freshi. Gam, ile ya kwenda, inatoa gata, m imekufa, tumezika. Vac inatoa UKTA?? Nimekariri -ta usiku kucha mara bhid inaleta bhinna, hiyo -na nani kaialika

Kibatari: Na dha inakuwa hita. Kuna mtu anakula herufi humu

Mpemba Asili: Nyie mnadeka. Sisi chuoni tulichapwa kwa ajili ya ismu mafuli ya Kiarabu, jina la mtendwa, kataba (kaandika) maktub (kilichoandikwa), herufi zote tatu za mzizi unaziona zimekaa hapo

Binti Ngano: Umechagua rahisi. Tufanyie ya ba'a, kuuza, tuone

Mpemba Asili: Mabi'i. Hiyo nimeilia fimbo, siisahau mpaka kaburini

Mwanzisha Uzi: JAMANI TURUDI KWENYE AMEKWENDWA

Mzee wa Kupita: Fimbo gani, sie wetu alikuwa na waya wa redio na alikuwa hasemi kosa lako nini

Mpemba Asili: Waya?? Huyo wa wapi? Wetu mpira wa baiskeli, kaulowesha maji kwanza

Kibatari: Samahani natoka nje ya mada, nani ana kamusi ya Sanskriti ya Monier-Williams ya mtumba anauza? Ya simu inaniua macho