Pikipiki ya umeme: sola ya nyumbani inaokoa hela au tunadanganyana?

Wakuu, nisaidieni hesabu, maana naona wauza sola wanatupiga chenga.

Nina pikipiki ya umeme, napiga boda Tegeta. Inakula kama uniti 3 kwa siku. LUKU kundi la kawaida ni 356 kwa uniti, makato yote ndani, kwa hiyo siku inanitoka 1,068. Enzi za petroli nilikuwa naacha sheli 8,000. Sasa fundi kanipa bei: paneli mbili za wati 550, inveta, betri ya kuhifadhia na ufundi, 3,200,000. Eti hela inarudi ndani ya miezi 13 kwa sababu naokoa 8,000 kila siku.

Hapo ndipo ninapokataa. Hiyo 8,000 niliiokoa siku nilipouza pikipiki ya mafuta. Sola itaniokolea ile 1,068 tu: siku 2,996, miaka minane na ushee. Anayepinga aje na kalamu.

*Fundi, Morogoro:* Mkuu, umeruka kitu. Nyumba ya uniti 50 kwa mwezi iko kundi la matumizi madogo, 122 kwa uniti. Ongeza 90 za pikipiki, umevuka kikomo cha kundi hilo, uniti 75 kwa mwezi. Ukizidisha hivyo kila mwezi unahamishwa kundi, na hata taa na friji unalipia 356. Hapo peke yake ni 11,700 zaidi kwa mwezi. Miaka yako minane inashuka hadi sita.

*Mtoa mada:* Hilo sikuliona. Ila sita nayo si mchezo.

*Dereva, Mbagala:* Nyote mnapiga hesabu za wenye nyumba. Mimi nimepanga chumba, bati si langu. Nikihama nibebe paneli begani? Halafu jua likiwaka niko barabarani, nikirudi saa mbili usiku paneli zimelala. Ndiyo maana mnauziwa betri ya kuhifadhia, na ndiyo inayomaliza hela.

*Fundi, Morogoro:* Basi iache hiyo. Chukua betri ya pili ya pikipiki: moja inazunguka na wewe, nyingine inashinda nyumbani inachaji.

*Dereva, Mbagala:* Inashinda na nani? Mtaani kwetu juzi wamebeba tangi la maji, na maji yakiwemo.