Hii si bakapu, picha zetu zimewekwa rehani!

Wakuu, habari za jioni. Leo sina salamu ndefu. Nimekasirika, na mnaopenda kutetea makampuni makubwa bila kulipwa mnaweza kupita tu.

Kuna huduma ya kuhifadhi picha ninayoilipia kila mwezi. Jina siitaji maana sina hela ya wakili. Kazi yangu ni picha za shughuli: send-off, harusi, kipaimara. Pembeni naskani picha za zamani za familia. Kuna mzee mmoja aliniletea albamu zake, zile za kurasa nyeusi zenye vikona vya kubandikia. Nikamwambia mzee tusiende mbio, tukae. Tukakaa. Nashika picha, yeye ananitajia: "Hii niko JKT Ruvu, sabini na nne. Huyu wa kushoto marehemu kaka yangu. Hii ndiyo siku tumetoka kumposa mama yenu." Mimi naandika kwenye programu ya hiyo huduma tarehe, mahali, nani ni nani, picha moja baada ya nyingine.

Mzee ametangulia wiki hii. Watoto wake wanataka picha zote kwa mpangilio wa miaka, za kijitabu cha ibada na za ile video ya kuonyesha nyumbani. Nikaona hiyo ni kazi ndogo, si kila kitu kimeandikwa? Nikaomba kushusha.

Yakashuka mafaili ya ZIP yaliyokatwakatwa, kila moja la magiga, kwa bando langu. Likikatika katikati, anza upya. Hayo nimeshazoea. Nafungua sasa, napanga kwa tarehe: mzee yuko JKT leo. Amemposa mama leo. Amestaafu leo. Zote zina tarehe ya siku nilipozishusha! Nilizopiga kwa kamera zina nafuu, kamera yenyewe iliandika tarehe ndani ya picha, kwenye EXIF. Lakini hizi za kuskani, ambazo kila kilichoandikwa nimekiandika mimi kwa vidole hivi, ndani hazina kitu. Maelezo yote yamewekwa kando kwenye vifaili vya maandishi vya JSON, kila picha na chake, ukikibofya Windows inakuuliza ikifungue na nini. Na majina yenyewe hayalingani. Picha mbili zikigongana jina, ya pili inapewa (1). Kwenye picha, hiyo (1) imekaa kabla ya .jpg. Kwenye kifaili cha maelezo yake imekaa baada ya .jpg. Kuna mtu alipanga hivi, akaona safi, akaenda zake kula.

Mtaniambia nitumie programu ya exiftool. Naijua, ni ya bure, ni nzuri, na ndiyo inayoniokoa usiku huu: inachukua tarehe kwenye JSON na kuirudisha ndani ya picha. Lakini kwa nini mteja anayelipa ndiye aandike amri kwenye kidirisha cheusi usiku wa manane ili arudishiwe maneno yake mwenyewe? Maneno hayo yana mahali pake ndani ya faili la picha. EXIF, IPTC na XMP ni viwango vya dunia nzima, na waliotengeneza hizi huduma wanavijua kuliko mimi. Wakongwe mnaikumbuka Picasa, ile programu ya kupanga picha? Ya bure kabisa, na ukiandika maelezo chini ya picha iliyaingiza ndani ya JPEG yenyewe. Unaihamishia kwenye flash, maelezo yanakwenda nayo. Google waliinunua 2004, Machi 2016 wakaacha kuihudumia, wakatuelekeza kwenye Google Photos. Kwa hiyo asije mtu hapa kuniambia haiwezekani. Inawezekana, ila wakifanya hivyo unaondoka kirahisi, na hawataki uondoke.

Ndiyo maana nasema rehani. Tena mwenye duka la rehani ana unafuu, ukimlipa anakurudishia redio yako ikiwa nzima.

Na mtindo ni uleule kila mahali. Google Photos ilikuja 2015 na hifadhi ya bure isiyo na kikomo, mradi ukubali picha zibanwe kidogo. Tukamwaga kila kitu humo. Tarehe 1 Juni 2021 bure ikaisha: una GB 15, na hizo zinagawanywa na barua pepe na Drive, na baadaye hata bakapu ya WhatsApp ya Android ikaanza kuhesabiwa humohumo. Flickr, tovuti ya kuweka picha, walitoa terabaiti nzima bure 2013. Ilipofika 2018, wakiwa wameshanunuliwa na kampuni ya SmugMug, wakatangaza kwamba mwisho wa bure ni picha 1,000. Yaani kwanza wanakuzoesha, halafu bei inakuja ukiwa tayari huna pa kuzipeleka.

Kwenye kuhariri ni yaleyale, chukua Lightroom, programu ya Adobe. Lightroom ya mwisho ya kununua mara moja ukamalizana nayo ilikuwa toleo la 6, la 2015. Sasa ni kulipia milele. Adobe niwape haki yao kidogo: ukiacha kulipia Lightroom Classic bado unaingia kwenye maktaba yako na kutoa picha, kinachofungwa hasa ni ile sehemu ya kuhariri. Lakini kazi yako yote ya rangi imekaa kwenye katalogi yao, na hakuna programu nyingine itakayoisoma ikakupa rangi ileile.

Halafu hicho kitufe cha kuhifadhi nakala. Unafuta picha kwenye simu ndani ya programu yao, inafutika na juu kwenye mtandao, inafutika na kwenye laptop. Siku za pipa la taka zikiisha, kwaheri. Sasa hiyo ni nakala gani, inayokufa pamoja na picha yenyewe? Na hata bila wewe kugusa kitu hauko salama. Agosti 2020 Lightroom ya iPhone, toleo la 5.4, ilifuta picha za watu ambazo zilikuwa bado hazijapanda kwenye wingu, na Adobe wenyewe wakakiri kwamba hazirudi. Mwaka huohuo Canon, watengeneza kamera kabisa, walipoteza picha halisi za wateja kwenye huduma yao ya image.canon. Vikabaki vijipicha vidogo vya kutazamia.

NYONGEZA, saa nne usiku: Nimesoma majibu yenu. Wewe unayesema nisome masharti, nimeyasoma. Yanasema nina haki ya kupata data yangu. Hayasemi nitaipata imetenganishwa, mwili huku na jina kule. Huduma kwa wateja nao wamejibu: wamenitumia kiungo cha ukurasa wa msaada unaoeleza jinsi ya kuomba kushusha picha. Nimeshashusha jamani! Ndicho ninacholalamikia!

Anayesema nihamie iCloud ya Apple: GB 5 za bure ni za nani? Na picha za huko nazo ukifuta hapa zinafutika kule.

Kwa walioniuliza sasa nafanyaje: picha zinakaa kwenye diski mbili, moja ninayo mimi, nyingine iko kwa dada yangu Kibaha. Maelezo naandikia kwenye digiKam, programu ya kupanga picha, ya bure, nimeiweka iandike ndani ya picha yenyewe. Ina sura ya kizamani na mara ya kwanza inachosha kupekua kila folda, lakini nikinakili picha kwenda kompyuta nyingine, "JKT Ruvu 1974" inafika. Ile huduma nitaendelea kuilipia mpaka nimalize kutoa vitu vyangu, kisha tuagane.

Kinachonishinda ni kuwapa wateja namna ya kuangalia picha kwenye simu zao bila kurudi kwa hawahawa. Naona watu wanaisifia Immich, programu ya picha unayoiendesha kwenye kompyuta yako mwenyewe. Nani humu anaiendesha kwenye kompyuta ya kawaida ya mezani, si mtambo wa ofisini? RAM kiasi gani inatosha, na umeme ukikatika katikati ya kupakia picha inakuwaje? Majibu ya aliyeitumia tu. Wauza diski, jukwaa la matangazo liko pale juu.