Barabara yetu imegeuzwa lango la magorofa na hakuna aliyetuuliza

Wakazi wenzangu wa Nairobi, nimekasirika. Mtaa wetu mdogo uko nyuma ya Thika Road na una barabara moja tu ya kuingilia. Ni nyembamba kiasi kwamba gari mbili zikikutana, moja lazima irudi nyuma, na mwisho wake haitokei popote. Hapo mwisho sasa kunajengwa magorofa, na ofisi ya mipango imeidhinisha kwamba magari yote ya watakaohamia humo yatapitia kwetu. Yote, ya kuingia na ya kutoka.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba ploti hiyo upande wa pili inatazama barabara kuu. Mtu yeyote akisimama pale anaona geti lingewekwa wapi. Lakini kufungua njia kutoka barabara kuu lazima uombe idhini ya KeNHA, mamlaka inayosimamia barabara kuu za kitaifa, upeleke michoro, na mara nyingi utoe kipande cha ardhi yako ujenge mahali pa magari kupunguza mwendo kabla ya kukata kona. Hiyo ni pesa, na ni ardhi ambayo ingejengwa nyumba za kuuza. Kupita kwetu ni bure. Kwa hivyo gharama ya mradi wa mtu binafsi tumebebeshwa sisi, na ofisi ya umma ndiyo iliyopiga muhuri.

Sheria ya mipango na matumizi ya ardhi ya mwaka 2019 inamtaka anayeomba kibali autangazie umma, ili wenye pingamizi walete. Sisi tangazo tuliliona wakati mabati yameshazungushwa na shimo limeshachimbwa. Lilikuwa limetundikwa ndani ya uzio, linatazama kokoto! Mzee wa mtaa hakuwa na habari, na shule ya chekechea iliyo kwenye barabara hiyo hiyo haikupata hata karatasi.

Nilikwenda ofisini kuuliza. Jibu nililopewa kaunta: uamuzi ulishatolewa, mngekata rufaa ndani ya siku 14. Hapo damu ilinichemka. Ni kweli sheria hiyo inampa asiyeridhika siku 14 tangu uamuzi utolewe kwenda mbele ya kamati ya kaunti inayosikiza rufaa za mipango. Lakini utakatia rufaa vipi uamuzi ambao hukujua upo? Siku zinaanza kuhesabiwa bila sisi kujua, zinaisha bila sisi kujua, halafu tunaambiwa ni sisi tuliolala. Huo ni mtego.

Nikaomba kuona ripoti ya msongamano wa magari iliyotumiwa kuamua kwamba barabara yetu inatosha. Nikaambiwa hizo ni hati za mteja. Jameni, mteja? Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa kila raia haki ya kupata taarifa iliyo mikononi mwa serikali, na sheria ya kupata taarifa ya 2016 imeweka siku 21 za kujibu. Barua yangu waliigonga muhuri wa kupokelewa. Muda huo umepita, na jibu hakuna. Kama ripoti ipo na inasema barabara inatosha, wanaificha ya nini?

Na bado hakuna hata mpangaji mmoja aliyehamia. Kwa sasa ni malori ya mjengo peke yake. Yanaingia usiku na mchanga, yanaingia alfajiri na vyuma. Vifuniko vya mtaro vimevunjika na mtaro wenyewe umejaa udongo, na sote tunakumbuka mafuriko ya Aprili 2024 yalifanya nini katika jiji hili. Shosho jirani yangu alizibiwa geti na lori siku ya kliniki yake, akaambiwa "shosho, ngoja kidogo tushushe". Alingoja mpaka gari lililokuja kumchukua likaondoka. Watoto wa chekechea wanatembea katikati ya barabara kwa sababu pembeni hakuna pa kukanyaga. Moto ukitokea, gari la zima moto litapita wapi? Kule mtaa wa Mradi, Embakasi, lori la gesi lililipuka katikati ya makazi Februari 2024, watu wakafa na nyumba zikaungua. Wanaotoa vibali walipaswa kuwa wamejifunza.

Kabla mtu hajaniambia tunachukia maendeleo: nyumba zijengwe. Wengi wetu hapa ni wapangaji, tunajua kodi ya jiji hili. Tunachokataa ni geti kuwekwa upande wetu. Lihamishiwe barabara kuu kwa gharama ya anayejenga, malori yapewe saa za kupita, mtaro utengenezwe kabla ya masika, na ripoti ya magari iwekwe wazi tuisome. Mwakilishi wadi naye aje mtaani aseme alijua lini.

Tumeanza kuchanga pesa za wakili, maana inaelekea tutafika Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Kama mtaa wenu uliwahi kupeleka rufaa baada ya siku 14 kupita na ikasikizwa, tafadhali andika hapa mlitumia hoja gani na mlianzia ofisi ipi.