Vidonge vya mitishamba kwa joto la usiku, na mimi natumia warfarini

NimeivaTayari
Habari zenu akina dada. Nina miaka 53, hedhi ilikata mwaka juzi. Nikasema ahsante, nimepumzika. Kumbe ndiyo kwanza ngoma inaanza! Joto linapanda kifuani, linashika shingo, uso unawaka, jasho linatiririka mpaka kwenye nyusi, mara baridi, naanza kutafuta shuka nililolitupa mwenyewe. Mume wangu kahamia chumba cha pili, anasingizia mgongo.

Daktari hataki kunipa vidonge vya homoni kwa sababu niliwahi kuganda damu mguuni, na hadi leo natumia warfarini, dawa ya kuzuia damu isigande. Sasa shoga yangu kaniletea kopo la dawa za mitishamba. Lebo inasema kohoshi nyeusi, dong quai, klova nyekundu na soya. Yeye anaapa zimemponya. Kuna aliyezitumia? Si ni mizizi tu, au?

BibiWaDirishani
Pole mdogo wangu. Hilo kopo liweke kando kwanza. Mimi ni mfamasia mstaafu, na neno "ni mizizi tu" nimelisikia dirishani mpaka nikazeeka nalo.

Kwako wewe tatizo kubwa ni dong quai. Mzizi huu wa Kichina huongeza nguvu ya warfarini, INR (kipimo cha damu inavyochelewa kuganda) inapanda, damu inakuwa nyepesi kupita kiasi. Unapiga mswaki, fizi hazikomi kuvuja. Unagonga meza kidogo, kesho paja lina doa jeusi la ukubwa wa kiganja. Klova nyekundu nayo siiamini kwa mtu wa warfarini.

Kohoshi nyeusi, mmea wa misitu ya Amerika Kaskazini, ina sifa kubwa kuliko ushahidi. Tafiti zimegongana: nyingine ziliona nafuu, nyingine hazikuona tofauti na kidonge kisicho na dawa. Na hapo shoga yako haongopi, maana kwa joto hili hata hicho kidonge kitupu huwapa wengi nafuu ya kweli. Ila wapo wachache walioumia ini baada ya kuitumia. Mkojo ukiwa kama chai ya rangi au macho yakawa ya njano, ni kuacha mara moja na kwenda hospitali.

Mpenda_Soya
Shikamoo bibi. Mimi siko kwenye warfarini. Nilikula tu soya kama chakula, joto likapungua kidogo baada ya wiki kadhaa. Dada yangu tumbo moja alikula vilevile, hakuona kitu. Nasikia inategemea bakteria wa tumboni?

BibiWaDirishani
Marahaba. Ndiyo, soya ina isoflavoni, kemikali za mmea zinazofanana kidogo na estrojeni, homoni ya kike. Baadhi ya watu wana bakteria wanaozigeuza kuwa ekwoli, yenye nguvu zaidi, wengine hawana. Kula soya si vibaya, lakini dondoo yake kwenye kidonge ni jambo jingine.

NimeivaTayari
Bibi umenitisha. Basi nivumilie tu?

BibiWaDirishani
Nani kakwambia uvumilie! Estrojeni ikishuka, sehemu ya ubongo inayosimamia joto la mwili inakuwa nyepesi kushtuka, joto dogo tu inafungulia jasho. Kuna dawa zisizo homoni zinazoituliza. Muulize daktari kuhusu gabapentini, hasa kwa kuwa shida yako ni usiku. Ipo pia fezolinetanti, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2023, ila nayo inataka vipimo vya ini. Tiba ya mazungumzo inayofundisha namna ya kulikabili joto na kukosa usingizi imewasaidia wengi pia, na haigombani na dawa yoyote.

Kopo nenda nalo kliniki, waione lebo. Kama ulishameza hata kidogo sema, wakupime INR mapema, usisubiri tarehe yako. Na jingine ambalo hukuuliza: wewe hedhi imekata zaidi ya mwaka, kwa hiyo ukiona damu, hata tone, usiseme imerudi wala usiisingizie warfarini. Kapimwe mji wa mimba.

NimeivaTayari
Nilimeza juzi na jana. Kesho asubuhi naenda. Shoga yangu nimemwambia, kanuna.

BibiWaDirishani
Ataacha kununa. Muulize na yeye anatumia dawa gani nyingine.