Nani anakoroma hema la pili?

Kikundi: Matembezi ya Jumamosi, mtaani kwetu

ALHAMISI

Mwenyekiti 19:02
Wanamatembezi habari za jioni. Kosta ya kwenda Lushoto inaondoka Jumamosi saa 11 alfajiri, pale pale kwa muuza magazeti. Tunarudi Jumatatu, Sabasaba. Atakayechelewa atatukuta Mombo.

Mama Hoza 19:04
Mahema yako kwa nani? Yafunguliwe uani LEO yasimamishwe. Sio kuhesabu mifuko.

Salehe 19:09
Shikamoo mama. Yako kwangu, nimeyakodi jana. Mifuko minne, yote mizito. Tuko vizuri

Mama Hoza 19:09
Marahaba. Sijauliza uzito.

Neema 19:15
Mimi nabaki na zamu yangu ya kazi 😭 Mniletee plamu jamani hata kikapu kidogo

Mama Hoza 19:17
Plamu Julai mwanangu? Subiri Desemba. Nitakuletea karoti.

Imu 19:20
Hiyo baridi ni ya kweli au mnatutisha? Nina koti la jinzi

Mama Hoza 19:26
Imu, Lushoto mjini tu ni zaidi ya mita 1,300 kutoka usawa wa bahari, na sisi tunalala Magamba, juu zaidi. Mjerumani alipaita Wilhelmstal, akawa anapanda huko kukimbia joto la pwani. Na Julai ndio mwezi wenyewe. Jinzi likishika umande utalia. Beba sweta mbili, soksi kavu za KULALIA TU, na mkeka au maboksi ya kutandika. Baridi ya hemani haitoki juu, inatoka chini.

Bi Tatu (Mweka Hazina) 19:40
Ada ya hifadhi nimeshalipa kwa namba ya malipo, risiti ninayo. Hakuna cha "nitamalizana nao getini". Imu bado hujatoa hata mia. Salehe umetoa nusu.

Imu 19:41
Ujumbe huu umefutwa

JUMAMOSI

Bi Tatu 13:31
Tumemaliza kona za Soni. Mombo mpaka Lushoto ni kilomita kama 33 tu lakini nimesoma dua zote ninazozijua. Huku jabali, huku korongo, na dereva anaongea na simu

Babu Chande 13:38
Nilipita hapa 1974 juu ya lori la kabichi. Kona ni zile zile. Kilichopungua ni macho yangu.

Salehe 17:58
Walio mbele, nguzo za hema la bluu mnazo nyie?

Mwenyekiti 17:59
Nguzo gani?

Salehe 17:59
Kwenye mfuko kuna turubai na vigingi. Basi

Mama Hoza 18:00
🙂

Imu 18:00
Mama hilo tabasamu bora ungetukana

Salehe 18:02
Nikate vijiti viwili tu faster?

Mama Hoza 18:03
Salehe, hii ni hifadhi ya mazingira asilia. Hata moto tumeonyeshwa pa kuwasha. Ukitoa panga utalala kituoni, na kule angalau kuna bati.

Babu Chande 18:07
Fungeni kamba kati ya miti miwili, turubai lipite juu. Mlangoni simamisheni fimbo yangu.

Mwenyekiti 18:49
Limesimama. Limeinama kidogo kama mtu anayesikiliza umbea, lakini limesimama. Humo watalala Salehe na Imu.

Imu 18:50
Mimi nimekosa nini

Bi Tatu 18:50
Mchango.

Bi Tatu 22:41
Nani anakoroma hema la pili?

Mwenyekiti 22:43
Sio huku.

Bi Tatu 22:43
Mwenyekiti hema la pili ni lenu

Mwenyekiti 22:44
Mimi niko macho, nakujibu. Na Babu yuko kimya.

Imu 22:46
Labda mbega?

Mama Hoza 22:47
Mbega saa hizi amelala. Utamsikia alfajiri akinguruma, na hutauliza ni nani. Huyu ni binadamu na amekula maharage.

Neema 22:50
Nawasoma kutoka Dar, feni iko namba 3. Endeleeni tafadhali

Imu 00:16
Miguu siisikii

Mama Hoza 00:17
Soksi za kulalia?

Imu 00:17
Nilitembelea nazo

Mama Hoza 00:19
Chemsha maji, tia kwenye chupa, kaza kifuniko, viringisha na taulo uweke miguuni.

Imu 00:19
Jiko liko nje mama

Mama Hoza 00:20
Na mlango unao.

Babu Chande 02:33
Wanangu samahani. Nataka kwenda msalani.

Mwenyekiti 02:33
Twende Babu, nina tochi

Babu Chande 02:34
Tochi ninayo. Nataka fimbo.

Salehe 02:35
Fimbo ipi Babu

Babu Chande 02:35
Hiyo inayowashikilia.

Imu 02:36
Babu tupe dakika tano tujipange

Babu Chande 02:36
Umri wangu haupangwi.

Salehe 02:38
Imu shika turubai kwa mikono. Mimi natoa

Imu 02:40
Nimeshika. Naandika kwa kidole kimoja

Imu 02:51
Babu uko wapi

Babu Chande 02:54
Nyota za huku ni nyingi mno. Mmeziona?

Imu 02:54
Babu mimi naona turubai

Bi Tatu 02:56
Nimecheka mpaka hema letu limetikisika. Na yule wa kukoroma kumbe ni Salehe! Tangu aamke kimya kitupu

Salehe 02:57
Hema la pili ukihesabu kutoka wapi?

JUMAPILI

Mwenyekiti 11:12
📷 Irente. Chini kule ni Mazinde, yale mashamba ya mkonge yanaonekana kama viraka vya mkeka. Babu kapanda na fimbo yake, hema limelala chali kambini.

Neema 11:15
Mmesogea ukingoni hivyo kwa nini 😳

Mama Hoza 11:30
Ndio kwetu hapo. Imu anaomba tuhamie.

Imu 11:31
Nimesema mchana tu

JUMATATU

Bi Tatu 20:05
Hesabu: usafiri, ada, chakula na kodi ya mahema vimelipwa. Kila mtu anarudishiwa 3,500. Isipokuwa Imu, ambaye bado anadaiwa.

Salehe 20:11
Mwenye mahema amepiga. Nguzo anazo, niliziacha mlangoni kwake nilipokuwa nahesabu mifuko

Mama Hoza 20:11
🙂

Babu Chande 20:20
Mweka Hazina, fimbo yangu imefanya kazi ya nguzo siku mbili. Kodi yake siioni kwenye hesabu.

Bi Tatu 20:22
Babu tukulipe kwa kichwa au kwa usiku?

Babu Chande 20:24
Kwa usiku. Ila ule wa kwanza mnipunguze dakika ishirini.