Nina selimundu tangu utoto: je, hofu yangu ni upungufu wa imani?

Mwalimu wa Ziwani:
Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi huku Musoma, nami nimeishi na selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi, tangu utotoni. Dawa ninatumia kama nilivyoagizwa, yaani foliki asidi na haidroksiurea, na chupa ya maji haiondoki mezani pangu hata ninapofundisha. Kinachonitesa siku hizi kuliko maumivu yenyewe ni kuyangojea. Upepo wa baridi ukianza kuvuma usiku kutoka ziwani, huamka na kujipapasa magoti na mgongo, nikijiuliza kama ninachokisikia ni uchovu tu au ndio mwanzo wa kulazwa tena, na nikilazwa, nani atakaa na wanangu. Nimeombewa mara nyingi, na ninamshukuru kila aliyeniwekea mikono; lakini katika kikundi chetu cha maombi niliambiwa kwamba mtu aliyeokoka hana hofu, na tangu hapo nimekuwa nikiogopa hata huko kuogopa. Nitaipataje ile amani ya Wafilipi 4:7 ilhali ugonjwa haujaondoka?

Mzee wa Usharika:
Pole sana, binti yangu. Aliyekuambia hivyo huenda alitaka kukutia moyo, ila amekutwisha mzigo wa pili juu ya ule uliokuwa nao. Mtume Paulo aliandika waraka huo akiwa kifungoni, na katika sura ya 2 anaeleza kwamba Epafrodito, mjumbe wa Wafilipi kwake, aliugua karibu na kufa, na kwamba yeye Paulo aliamua kumrudisha Filipi ili yeye mwenyewe apunguziwe huzuni. Kwa hiyo aliyetuambia tusijisumbue hakuwa mtu asiyejua kuhuzunika. Watenda kazi wenzake nao waliugua: Trofimo aliachwa Mileto akiwa mgonjwa, na Timotheo alikuwa na magonjwa ya mara kwa mara. Sijaona popote Paulo akiwashutumu kwa kukosa imani.

Usiisome aya ya 7 bila aya ya 6, inayotutaka tuzijulishe haja zetu kwa Mungu. "Nani atakaa na wanangu" ni haja kamili, basi itaje kwa Mungu hivyo hivyo, kisha umwendee mama mmoja wa jumuiya yenu mkubaliane mapema, maana mara nyingi jibu la Bwana hupitia mlango wa jirani. Mimi nina kisukari cha miaka mingi. Kila jioni ninapoosha miguu na kuikagua kidole kwa kidole, kama tulivyofundishwa kliniki, ndipo ninaposali, kwa sababu hapo ndipo hofu yangu ilipo.

Muuguzi Mkristo:
Ninaongeza jambo moja kwa ruhusa ya mzee. Dada, tahadhari yako si dhambi, kwani baridi, upungufu wa maji mwilini, maambukizi, uchovu na hata msongo wa mawazo vinaweza kuamsha maumivu ya selimundu, na homa kwa mgonjwa kama wewe ni jambo la kuwahi hospitali bila kungoja asubuhi. Kuvaa sweta ni matibabu. Hata hivyo, ikiwa hofu inakunyima usingizi usiku baada ya usiku, ieleze kliniki waziwazi kama unavyoeleza maumivu ya mgongo, kwa maana nayo ina wataalamu wake.

Shahidi wa Neema:
Ninawaheshimu wote, lakini tusiwapunguzie watu imani. Yesu aliponya, na angali anaponya. Nimeona kwa macho yangu. Dada asizoee ugonjwa.

Mzee wa Usharika:
Ndugu yangu, hata mimi ninaamini hivyo, na Yakobo 5:14 ametuagiza tuwaite wazee wa kanisa. Ninachokataa ni kumpimia mgonjwa imani kwa kipimo cha kupona kwake. Mwaka 2011, watu walipofurika Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa ya mitishamba cha Mchungaji Ambilikile Mwasapile, wapo walioacha dawa zao za hospitali kwa kudhani kwamba kuendelea nazo ni kumtilia Mungu shaka, na hilo tusilirudie. Paulo aliomba mara tatu ule mwiba uliokuwa mwilini mwake uondolewe; alichojibiwa ni kwamba neema yamtosha. Dada akitaka maneno ya kuombea usiku wa baridi, asome Zaburi ya 88, ambayo inaishia gizani na bado ni sala.

Mwalimu wa Ziwani:
Asanteni sana. Nimezungumza na jirani yangu, naye amekubali kuwachukua watoto saa yoyote nikizidiwa, na begi lenye kadi ya kliniki na nguo zao nimeliweka nyuma ya mlango. Hofu haijaisha, lakini jana nilipoamka usiku niliweza kuomba nikitaja goti la kushoto kwa jina lake, nikalala tena. Hiyo Zaburi ya 88 nimeisoma, na nitaomba tuisome Alhamisi katika kikundi chetu, ingawa sijui wenzangu wataipokeaje.