Jaketi la kuokoa maisha kwa mvuvi wa wavu: livaliwe muda wote au likae tu mtumbwini?

Mvuvi wa Pakwach anauliza:

Ndugu zangu, salamu kutoka Pakwach, Uganda. Sisi ni wavuvi watatu, tunatega nyavu za ngege na sangara katika Nile ya Albert, kaskazini kidogo ya daraja, kwa mtumbwi wa mbao wa kupiga kasia. Mwezi uliopita tulichanga fedha tukanunua majaketi matatu ya kuokoa maisha, lakini hadi leo ni mimi peke yangu ninayelivaa. Mwenzangu mmoja hulikunja akalikalia, kwa sababu ubao ni mgumu. Mwingine anasema linamtesa kwa joto, mikanda yake inanasa kwenye wavu, na yeye anaogelea tangu utotoni. Wote wawili wanashikilia kwamba likiwa karibu na mkono inatosha. Je, wana haki? Na nitajuaje kama majaketi yenyewe ni mazima, ilhali niliyanunua sokoni na maandishi yake yamefutika?

Fundi Mitumbwi, Wanseko:

Ndugu, mtumbwi haupigi hodi kabla ya kupinduka. Mmoja anasimama kuvuta wavu uliokwama kwenye kisiki, mwenzake anainama upande uleule kumsaidia, na wote wawili wamo majini hata kabla hawajaitana. Niliwahi kujaribu kuvaa jaketi nikiwa ndani ya maji, hapa hapa ufukweni, maji yakinifika kifuani na watoto wakinicheka. Lilikuwa linaelea na kunikimbia, mkono wa kushoto ukakosa tundu lake, na kifungo cha pili sikukiweza kabisa. Hapo nilikuwa nimesimama juu ya mchanga, mchana, bila mkondo wala hofu.

Kuhusu kulikalia, mwambie mwenzako aache leo. Kinachomwinua mtu ni hewa iliyofungwa ndani ya povu la jaketi, na povu likibonyezwa kila siku chini ya uzito wa mtu mzima huwa jembamba na kupoteza nguvu, ingawa kwa nje kitambaa bado king'aavu. Majaketi yenye maandishi hupimwa kwa nyutoni, yaani kipimo cha nguvu ya kumwinua mtu majini: la 50 ni la mtu anayejua kuogelea na aliye karibu na msaada, la 100 ni la maji yaliyotulia, na la 150 limetengenezwa ili limgeuze hata aliyezimia, uso ukaelekea juu. Kwa kuwa yenu hayasomeki, yapimeni wenyewe: mtu alivae, afunge mikanda yote, aingie maji ya kifuani, akunje miguu na kulala chali. Kidevu kisipokuwa juu ya maji, hilo si la kwenda nalo mtoni. Likimpanda hadi masikioni, mikanda imelegea, au jaketi ni kubwa kuliko mwili wake. Ncha za mikanda zinazoning'inia zichomekeni ndani, nazo hazitanasa wavu tena.

Mama Samaki, Panyimur:

Huyo anayejivunia kuogelea namwelewa, kwa kuwa shemeji yangu alikuwa hivyo hivyo, na tulipompata wavu wake mwenyewe ulikuwa umemzunguka mguu mara mbili. Msijidanganye pia kwamba mko karibu na ukingo. Ile boti ya starehe, MV Templar, iliyozama Ziwa Victoria upande wa Mukono, Novemba 2018, haikuwa mbali na nchi kavu, na bado watu zaidi ya 30 walikufa. Mimi nina mitumbwi miwili, na asiyevaa jaketi tangu ufukweni simpi wavu wangu. Walinung'unika juma moja, wakazoea.

Mzee wa Mafunjo:

Mnasahau kiboko. Akiupindua mtumbwi, mtu anahitaji kupiga mbizi, na jaketi halimruhusu.

Fundi Mitumbwi, Wanseko:

Mzee, ni kweli jaketi linazuia kupiga mbizi. Lakini aliyegongwa kichwa na ubao au kuvunjwa mkono hapigi mbizi yoyote, anazama tu. Dawa ya kiboko ni kumkwepa: msipite kati ya mafunjo na maji ya kina alfajiri, na mgonge ubavu wa mtumbwi kwa kasia mnapokaribia kona, ili awasikie mapema.

Mvuvi wa Pakwach:

Nashukuru sana, wazee wangu na mama. Jana jioni tuliyapima yote matatu. Langu na la yule muogeleaji yalituinua vizuri, naye amekubali kulivaa baada ya kuchomeka mikanda ndani. Lile lililokuwa likikaliwa lilimfikisha mwenyewe maji puani, akatoka akikohoa na sisi tukicheka. Hadi tupate jingine, tutakwenda wawili wawili kwa zamu.